Ibnul Haytham: Mwanachuoni Aliyeufuata Mwanga Hadi Juu ya Hewa



Kila siku ya mwezi wa Ramadhan wewe unaangalia mbingu mara mbili, hata kama hujajua kuwa unafanya hivyo. Unaweka chini kikombe cha daku alfajiri inapoingia, na jioni unashika tende mkononi ukingoja jua litue. Sasa hebu jiulize swali dogo. Alfajiri inapoingia jua bado liko chini kabisa ya upeo wa macho, hakuna anayeliona. Mbona basi mashariki kunaanza kung'ara? Huo mwanga umetoka wapi, na umepita njia gani mpaka ukafika machoni pako?

Jibu ni hewa. Juu yetu kuna blanketi la hewa linaloitwa angahewa, na sehemu zake za juu hufikiwa na jua kabla yetu sisi tulio chini. Umewahi kuona asubuhi kilele cha mnara wa msikiti au cha mnazi mrefu kimeshapigwa na jua, na chini uani bado ni kivuli? Na kilele cha Mlima Kenya hupigwa na jua mji wa Nanyuki ulio chini yake bado haujapata jua. Alfajiri ni vivyo hivyo, ila kinachopigwa na jua hapo ni hewa yenyewe, makumi ya kilomita juu.

Katika waliofungua mlango wa elimu hii yuko mwanachuoni mmoja wa Kiislamu ambaye jina lake bila shaka umelisikia. Leo tumjue vizuri, pamoja na mwenzake mmoja ambaye haki yake ilipotea kwa mamia ya miaka.

MTOTO WA BASRA

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Alizaliwa Basra, Iraq, yapata mwaka 965, sawa na mwaka 354 Hijria. Wazungu walilichukua jina lake la al-Hasan wakalitamka Alhazen, na kwa jina hilo wakamsoma kwa karne nyingi.

Wakati ule vitabu vya Wayunani vilikuwa vimeshatafsiriwa kwa Kiarabu, na kijana aliyetaka hesabu, falaki na tiba hakukosa cha kusoma. Ibnul Haytham alisoma sana. Lakini tofauti yake na wengi ni kwamba hakusoma ili ameze tu. Aliwasoma wakubwa kama Batlamyusi (ndiye yule Ptolemy wa Aleksandria) akiwa na kalamu mkononi, na palipokuwa hapakai sawa alipaandika. Baadaye alitunga kitabu kizima kueleza shaka zake juu ya Batlamyusi. Msimamo wake ulikuwa huu: mtafuta haki hamdhanii vizuri tu mtu wa zamani akaishia hapo, bali hupima hoja zake, na wakati huohuo huzitilia shaka fikra zake mwenyewe asije akaonea mtu wala kupendelea.

SAFARI YA NILE NA MTAWALA ASIYETABIRIKA

Kisa chake maarufu zaidi tunakipata kwa mwandishi wa historia Ibn al-Qifti, aliyefariki mwaka 1248, miaka kama mia mbili baada yake. Anaeleza kuwa Ibnul Haytham, akiwa bado kwao, alisema kuwa lau angelikuwa Misri angeweza kufanya jambo mto Nile ukanufaisha watu wakati wa kujaa na wakati wa kupungua. Maneno yakasafiri mpaka Cairo, yakafika masikioni mwa khalifa wa Kifatimi, al-Hakim, aliyetawala kuanzia mwaka 996 hadi 1021.

Huyu al-Hakim alikuwa mtu wa namna yake. Alipenda elimu, na mwaka 1005 alifungua nyumba ya elimu yenye maktaba kubwa hapo Cairo. Lakini pia alijulikana kwa kubadilika ghafla, na maofisa wake wengi waliuawa kwa amri yake. Alimwita mgeni, akatoka mwenyewe kumlaki, akampa watu na vifaa, akamwambia aende.

Basi wakapanda mto kuelekea kusini mpaka karibu na Aswan, mahali pa maporomoko. Njiani Ibnul Haytham aliona mahekalu na majengo ya Wamisri wa kale, jinsi yalivyopimwa na kujengwa kwa ustadi wa ajabu. Hapo moyo ukaanza kumwambia: watu waliojua haya yote, kama mto huu ungezuilika, si wangelikuwa wameshauzuia? Alipofika penyewe akaangalia, akapima, akaona haiwezekani. Kazi hiyo ilikuja kufanyika karibu miaka 950 baadaye, kwa mitambo na saruji, pale Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970.

Ndugu msomaji, jiweke mahali pake. Umetoka Iraq hadi Misri kwa ahadi. Mtawala amekuamini mbele ya watu, amekugharamia, na ni mtawala ambaye hasira yake ni upanga. Njia rahisi ingelikuwa kudanganya: kuanza ujenzi, kuomba pesa zaidi, kuvuta miaka. Yeye alirudi Cairo akasema ukweli kwamba ameshindwa.

Al-Hakim alimpa kazi serikalini. Aliikubali kwa hofu, kwani kuwa karibu na mtu yule ilikuwa ni kukaa karibu na moto. Ndipo, kwa mujibu wa Ibn al-Qifti, akajifanya mwendawazimu. Akafungiwa nyumbani, mali yake ikawekwa chini ya uangalizi wa watu wengine, akakaa hivyo mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baada ya hapo akili zake zikarudi siku moja!

Alihamia karibu na mlango wa msikiti wa al-Azhar. Riziki yake ilikuwa kunakili vitabu kwa mkono. Kila mwaka alinakili vitabu vya hesabu na falaki, kile cha Euklidi na kile cha Batlamyusi vikiwemo, akaviuza kwa dinari 150 za Kimisri, na hizo zikamtosha mwaka mzima. Muda uliobaki ulikuwa wa utafiti. Aliishi hivyo mpaka kufariki kwake Cairo yapata mwaka 1040. Zaidi ya vitabu na risala 90 hutajwa kuwa ni vyake.

MWANGA HAUTOKI JICHONI

Kitabu chake kikubwa ni Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba. Utasikia watu wakisema ati alikiandika chote akiwa kifungoni. Watafiti waliokichambua wanaonelea kiliandikwa baadaye, kati ya mwaka 1028 na 1038, wakati ule wa kunakili vitabu pale al-Azhar.

Kabla yake, wakubwa kama Euklidi na Batlamyusi walifundisha kuwa jicho ndilo linalotoa miale ikaenda kugusa kitu. Ibnul Haytham akasema hapana. Kama jicho ndilo linalotoa, mbona ukiangalia jua unaumia? Si dalili kwamba kuna kitu kinachoingia? Kisha akaingia chumba chenye giza kilichokuwa na tundu dogo. Nje akapanga taa kadhaa. Ndani ukutani zikaonekana nukta za mwanga, kila taa na nukta yake. Akifunika taa moja, nukta yake moja inatoweka, nyengine zinabaki. Mwanga unakwenda kwa mstari ulionyooka, na mwanga wa taa hii hauchanganyiki na wa taa ile hata vikipita tundu moja.

Jaribio hilo kijana yeyote anaweza kulirudia nyumbani leo, kwa boksi na kipande cha karatasi nyeupe.

JUA UNALOLIONA SI PALE LILIPO

Sasa tuje kwenye hewa. Tia kijiko ndani ya gilasi ya maji, kinaonekana kama kimevunjika. Mwanga unapotoka kwenye kitu chepesi kuingia kizito, hupinda. Batlamyusi alishalijua hilo, na Ibnul Haytham akalichunguza kwa undani katika sehemu ya saba ya kitabu chake. Akaeleza kuwa anga la juu ni jepesi kuliko hewa yetu, kwa hivyo mwanga wa nyota ukiingia kwenye hewa lazima upinde. Akaonyesha na njia ya kuhakikisha: pima umbali wa nyota fulani kutoka ncha ya mbingu inapochomoza, kisha ipime tena ikiwa juu ya kichwa chako. Vipimo havilingani. Nyota iliyo karibu na upeo wa macho huonekana imeinuka kidogo kuliko pale ilipo.

Hili linakugusa wewe uliyefunga. Kwenye upeo wa macho, hewa huinua mwanga wa jua kwa zaidi kidogo ya nusu ya digrii, na upana wa jua lenyewe ni karibu nusu ya digrii. Maana yake, jioni unapoliona jua limekaa zima juu ya bahari, limegusa maji tu, kwa mstari ulionyooka lenyewe limeshakwenda chini! Unaloliona ni mwanga uliopindishwa na hewa. Kwetu hapa karibu na ikweta, hewa hutucheleweshea machweo kwa dakika mbili na kidogo.

Je, ufuturu mapema basi? La, usije ukamwambia mama hivyo. Sharia imetufungamanisha na kinachoonekana, yaani kuzama kwa jua machoni petu, na ratiba za magharibi hukokotolewa pamoja na huko kupinda kwa mwanga. Ndiyo maana pia mtu aliye juu sana huchelewa kufuturu. Mwaka 2011 wanachuoni wa Dubai waliwaelekeza wanaokaa ghorofa za juu za Burj Khalifa, jengo la mita 828, wangoje dakika mbili au tatu zaidi ya walio chini, maana wao bado wanaliona jua.

Na ule mwezi mkubwa unaochomoza kama sinia? Ibnul Haytham alieleza kuwa ukubwa ule hautoki mbinguni. Ni hukumu ya macho na akili: mwezi ukiwa karibu na nyumba na miti, akili huukadiria kuwa uko mbali zaidi, hivyo huuona mkubwa zaidi. Upime kwa ncha ya kidole ukiwa umenyoosha mkono, kisha upime tena usiku wa manane. Utaona ni uleule.

MAILI 52 NI ZA NANI?

Hapa nakuomba utulie, kwa sababu hapa pana amana.

Huenda umesoma mahali kwamba Ibnul Haytham ndiye aliyepima urefu wa angahewa kwa kutumia alfajiri. Habari hiyo imezunguka sana. Asili yake ni risala moja juu ya alfajiri na machweo iliyotafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo na Gerard wa Cremona, aliyefariki mwaka 1187. Mwaka 1572 ilipigwa chapa mjini Basel ndani ya jalada moja na Kitab al-Manazir, ikiwa na jina la Alhazen. Ikaaminika hivyo Ulaya nzima.

Mwaka 1967 mwanahistoria wa Kimisri A. I. Sabra alibainisha kuwa risala ile si yake. Mwenyewe ni Abu Abdallah Muhammad bin Muadh al-Jayyani, kadhi na mwanahesabu wa mji wa Jaén huko Andalusia, aliyeishi karne hiyohiyo ya 11 na aliyeandika juu ya kupatwa kwa jua kulikotokea mjini kwake mwaka 1079. Tafsiri ya Kiebrania ya karne ya 14 ndiyo iliyolihifadhi jina lake la haki.

Ibn Muadh alifanyaje? Alichukua kuwa alfajiri inapoanza jua liko digrii 19 chini ya upeo wa macho. Akawaza: kile kianga cha kwanza mashariki ni mwale wa jua uliopita kandokando ya dunia ukagusa sehemu ya juu kabisa ya mvuke ulioko hewani. Una mstari wa macho yako, una mstari wa mwale, una mviringo wa dunia ambao alichukua kuwa maili 24,000. Pale mistari miwili inapokutana ndipo mwisho wa mvuke. Akakokotoa, akapata karibu maili 52. Ukiliweka hesabu hilo kwenye dunia kama tunavyoijua leo, utapata kilomita 87 hivi. Bila roketi, bila puto. Alfajiri na hesabu tu!

Kwa hivyo ukiwa na kaka au dada yako anayejiandaa kwa mashindano ya maswali na majibu, mfundishe sawasawa. Ibnul Haytham hahitaji kuongezewa sifa ya mwenzake, yake yanatosha na kubaki. Na Ibn Muadh aliyekosa jina kwa zaidi ya miaka 700, tusimnyime tena sisi tunaojua. Tunapenda kusema wanachuoni wetu walitangulia. Vizuri, basi tuseme kwa ukweli kama wao walivyousema.

HEWA TUNAVYOIJUA LEO

Hao wawili hawakujua hewa imetengenezwa na nini. Hilo lilikuja kujulikana karne ya 18 na 19. Chukua mfano wa shilingi 100. Kama hewa kavu ingekuwa shilingi 100, basi shilingi 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni unayoihitaji kwa pumzi, senti 90 na kidogo ni agoni, na kabonidioksidi ni senti 4 tu. Senti hizo nne ni chache lakini zina kazi kubwa ya kushika joto la dunia, na kila tunapochoma mafuta na misitu tunaziongeza. Juu ya hayo uko mvuke wa maji, mwingi Mombasa, mchache Wajir.

Hewa hiyo imepangwa kwa matabaka:

Tabaka la kwanza ndilo tunaloishi. Kwetu sisi wa ikweta linapanda hadi kilomita 17 hivi, na kwenye ncha za dunia ni kilomita 8 tu. Mawingu na mvua ni humu. Kila ukipanda kilomita moja baridi huongezeka kwa wastani wa digrii 6.5. Na nusu ya uzito wa hewa yote ya dunia iko chini ya kilomita 5.5, ndiyo maana anayepanda kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, huhema kama aliyekimbia.

Tabaka la pili hufika kilomita 50. Humo baridi husimama, kisha joto hupanda, kwa sababu ya gesi ya ozoni inayozuia miale mikali ya jua. Mfaransa Léon Teisserenc de Bort ndiye aliyetangaza mwaka 1902, baada ya kurusha maputo mengi, kuwa juu kule baridi huacha kuongezeka.

Tabaka la tatu hufika kilomita 85. Hapo ndipo baridi kali kabisa, hushuka hadi karibu digrii 90 chini ya sifuri, na hapo ndipo vimondo vingi huungua. Linganisha na ile hesabu ya kadhi wa Jaén!

Tabaka la nne ni hewa haba mno, yenye joto kali. Kituo cha anga za juu huzunguka humo, kilomita 400 hivi kutoka ardhini. Juu zaidi hewa hupotea polepole angani.

Mwezini hakuna blanketi hili. Mbingu za huko ni nyeusi hata mchana, na hakuna alfajiri wala wekundu wa magharibi. Jua huchomoza kutoka gizani moja kwa moja.

KABLA HATUJAAGANA

Mwaka 2003 Iraq ilitoa noti ya dinari 10,000 yenye picha ya Ibnul Haytham, na huko mwezini liko shimo lililopewa jina lake. Lakini mwenyewe alikula kwa kunakili vitabu vya watu, akakubali kuitwa mwendawazimu kuliko kuendelea kumtumikia mtawala aliyemhofia.

Kijana mwenzangu, kesho ukimaliza daku usirudi kulala haraka. Toka nje, angalia mashariki. Kuna kianga cha mwanzo kinachosimama wima kama mkia kisha kikafifia. Hiyo ndiyo alfajiri ya uongo, nayo ni vumbi la mbali angani linalopigwa na jua. Baada yake hutanda mwanga mpana ubavu kwa ubavu wa upeo wa macho, na kutoka hapo mpaka jua kuchomoza ni kama saa moja na dakika kumi na kitu hapa kwetu. Huo ndio alfajiri ya kweli, na ni hewa yako unayoivuta ndiyo inayong'ara. Mchukue na mdogo wako umuonyeshe. Akikuuliza nani alipima urefu wake, unalo jina la kumpa.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.